Elimu ya Haki Jinai, na Kijana Wetu Afunzwe Nini Humo

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, darsa yetu ya mara hii imetokana na suali. Alitujia baada ya sala ya laasiri mzee mmoja wa mji wetu, baba wa watoto sita, na mkononi ameshika barua ya chuo kikuu. Mwanawe wa tatu ameitwa kwenda kusoma shahada ya haki jinai. Mzee akatuambia: "Sheikh, mimi Kiingereza sikijui sana, lakini jirani amenisomea. Asema mtoto wangu aitwa kusomea upolisi. Na sisi na polisi twajuana. Je, nimpe radhi aende, au nimzuie?"

Hatukumjibu papo hapo. Twalimwomba atupe siku chache, kwani suali lake si dogo, na mwenye kujibu asilolijua humpoteza muulizaji na hujipoteza nafsi yake. Tukasoma, tukawauliza wenye kujua, na haya ndiyo tuliyoyapata. Tumeona tuyaandike ili wafaidike na wengine, maana mzee huyu si peke yake. Vyuo vikuu kadhaa vya Kenya hivi leo vyafundisha elimu hii, pamoja na ndugu yake elimu ya uhalifu, na watoto wetu huitwa huko.

NI ELIMU GANI HII?

Haki jinai ni elimu ya kuitazama njia yote anayopita mtu, tangu saa anaposhukiwa kuwa na kosa mpaka siku anapomaliza adhabu yake na kurudi kwao. Humo hutazamwa polisi apelelezavyo na akamatavyo. Mwendesha mashtaka aamuavyo kushtaki au kuacha. Hakimu asikilizavyo mashahidi na akatavyo hukumu. Na jela imwekavyo mfungwa na imtoavyo, je, hutoka mwema kuliko alivyoingia, au hutoka mbaya zaidi?

Msomaji asiichanganye elimu hii na elimu ya sheria. Mwanasheria husoma lipi limekatazwa na adhabu yake ni ipi. Mwanafunzi wa haki jinai huuliza suali jingine: njia hii tuliyoiweka, je, kweli humpata mwenye kosa, na kweli humwacha asiye na kosa? Huko ni kuipima mizani yenyewe, si kupima bidhaa tu. Na sisi watu wa pwani, ambao wazee wetu waliishi kwa biashara, twajua kwamba mizani mbovu humdhulumu kila mtu atakayeijia, ijapokuwa mwenye duka ni mcha Mungu.

ILIANZA WAPI?

Ama jirani wa mzee wetu hakusema uwongo, illa amesema nusu. Ni kweli elimu hii katika vyuo vikuu vya Marekani ilianza kwa polisi. Katika mji wa Berkeley, jimbo la California, palikuwa na mtu aitwaye August Vollmer, ambaye kwanza alikuwa akipeleka barua za posta. Mwaka 1905 watu walimchagua awe mkuu wa askari wa mji wao. Skuli alisoma kidogo tu, walakini aliona upungufu wake na upungufu wa askari wake, na mwaka 1908 akawafungulia skuli yao. Mwaka 1916 akaafikiana na Chuo Kikuu cha California masomo hayo yafundishwe chuoni, na mwaka 1931 yeye mwenyewe, mpeleka barua wa zamani, akafanywa profesa.

Kwa nini mtu ajisumbue kiasi hicho? Jawabu yapatikana katika mwaka huo huo wa 1931. Kamati iliyowekwa na serikali ya Marekani, iliyojulikana kwa jina la mwenyekiti wake Wickersham, na ambayo Vollmer aliifanyia kazi, ilitoa ripoti zake. Moja katika hizo ilieleza kwamba katika miji mingi askari walikuwa wakiwapiga na kuwatesa washukiwa ili wapate ungamo. Miaka mitano baadaye, mwaka 1936, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilitengua hukumu ya kifo waliyopewa wakulima watatu weusi wa jimbo la Mississippi. Ushahidi uliowatia hatiani ulikuwa ni ungamo lao wenyewe, na ungamo hilo walilitoa baada ya kuchapwa mijeledi. Na jambo la kustaajabisha zaidi ni kwamba kupigwa kwao hakukufichwa. Kulielezwa wazi mbele ya mahakama iliyowahukumu, na bado ikawahukumu.

Basi elimu hii haikuzaliwa kwa sababu polisi walikuwa wema. Ilizaliwa kwa sababu watu waliona kwamba mwenye rungu asiye na elimu ni khatari kwa mji wake.

FEDHA ILIPOINGIA

Hata hivyo, si kila darsa yenye jina zuri ina nuru ndani yake. Mwaka 1968 serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kupambana na uhalifu, na chini ya sheria hiyo ikatoa mikopo na ruzuku kwa askari watakaokwenda kusoma vyuoni. Fedha ilipokuja, madarasa yakafunguka kwa haraka, kama vibanda vya biashara mkesha wa Idi. Mwaka 1978 tume iliyotazama masomo hayo ilitoa ripoti kali. Ilisema kwamba mahali pengi wanafunzi walikuwa wakifundishwa ufundi wa kazi tu badala ya kufundishwa kufikiri, na kwamba wengi wa walimu wao sifa yao kubwa ni kuwa waliwahi kuwa askari.

Twalitaja hili kwa sababu ni funzo kwa wazee. Usiridhike na jina la shahada lililoandikwa katika barua. Uliza: mtoto wangu atafunzwa nini humo? Atafunzwa kushika watu, au atafunzwa kuuliza kama aliyeshikwa ndiye? Haya ni mambo mawili, na tofauti yake twalijifunza sisi wenyewe kwa njia ya aibu.

TWAKIRI JAMBO

Miaka mingi iliyopita, kabla ndevu zetu hazijaingia mvi, sanduku la sadaka la msikiti mmoja lilivunjwa wakhti wa alfajiri. Tulikuwa twaingia, na kwa mbali tukamwona kijana atoka mbio kwa mlango wa nyuma, amevaa kanzu ya rangi ya maziwa na kofia. Kulipopambazuka, watu wakamleta kijana wa mtaa wa pili, mwenye kanzu kama hiyo, wakatuuliza: "Maalim, ndiye?" Tukamtazama. Kimo kile kile, kanzu ile ile, mwendo ule ule. Tukasema neno moja: "Ndiye."

Neno hilo lilitosha. Kabla hatujamaliza kugeuka, watu walikuwa wamekwisha kumwangukia, na mkono wake wa kulia ukavunjika. Siku ya tatu mwizi akapatikana, akiwa na fedha bado zimefungwa katika kitambaa cha sanduku. Alikuwa mtu mwingine kabisa. Tulikwenda kwa mama wa kijana yule kuomba radhi. Alitupokea, akatupa kahawa, na hakutulaumu hata kwa neno moja. Na hilo lilituuma kuliko lau angalitufukuza. Kijana huyo leo ni mtu mzima, ana watoto, na mkono ule hauinui sawasawa.

Enyi ndugu zetu, sisi hatukusema uwongo asubuhi ile. Lau tungaliapishwa, tungaliapa. Twalisema tulichokiamini. Na hapo ndipo penye mas'ala yote: kusema kweli ni jambo moja, na kuijua kweli ni jambo jingine.

SHAHIDI MKWELI ALIYEKOSEA

Yaliyotupata sisi yamewapata na wengine katika mambo makubwa zaidi, na mojawapo ni kisa kinachotajwa sana katika mafunzo ya elimu hii. Mwaka 1984, katika mji wa Burlington, jimbo la North Carolina, mwanafunzi wa chuo aitwaye Jennifer Thompson alivamiwa usiku nyumbani kwake akavunjiwa heshima yake. Katika dhiki ile alijitahidi kuukariri uso wa mtu yule, ili akiokoka aweze kumtambua. Polisi walimwonyesha picha, akachagua moja. Kisha wakampangia watu katika gwaride la utambulisho, akamchagua mtu yule yule, na polisi wakamwambia kwamba huyo ndiye aliyemchagua katika picha. Maneno hayo yakauzidisha uhakika wake. Ronald Cotton akahukumiwa kifungo cha maisha.

Baadaye Cotton alipata kushtakiwa upya, na mwaka 1987 aliletwa mahakamani mtu mwingine, Bobby Poole, aliyesemekana kuwa ndiye hasa. Bi Thompson alimtazama akasema hajapata kumwona kabisa. Mwaka 1995 vipimo vya vinasaba vikabainisha kwamba aliyefanya uovu ule alikuwa Poole. Cotton akatoka, baada ya kukaa jela zaidi ya miaka 10. Mama yule alimwomba radhi, naye akamsamehe, na wakawa wakizunguka pamoja kuwaeleza watu khatari ya ushahidi wa macho. Mwaka 2007 jimbo lao lilipitisha sheria ya kurekebisha namna ya kutambua washukiwa. Miongoni mwa yaliyomo ni kuwa anayesimamia gwaride asiwe mtu amjuaye mshukiwa ni yupi, asije akamwashiria shahidi hata bila ya kukusudia.

Na asidhani msomaji kwamba hiki ni kisa cha nadra. Mwaka 1992 mawakili wawili, Barry Scheck na Peter Neufeld, walianzisha katika skuli ya sheria ya Cardozo, New York, kazi ya kuwatafutia haki wafungwa kwa vipimo hivyo vya vinasaba, na wanafunzi wa chuo wakishika mafaili wenyewe. Hadi mwaka 2020 walihesabiwa nchini Marekani watu 375 waliokwisha kuhukumiwa kisha vipimo vikabainisha kwamba hawakuwa na kosa, na 21 katika hao walikuwa wamepata kukaa katika safu ya wanaongoja kuuawa. Takriban saba katika kila kumi walitiwa hatiani kwa sababu shahidi wa macho alikosea. Na zaidi ya robo yao palikuwa na ungamo la uwongo.

SI JAMBO GENI KWETU

Ndugu msomaji, tuliposoma hayo tulikumbuka darsa za masheikh wetu. Waliotufundisha elimu ya Hadithi walitufundisha kwamba mpokezi hakubaliwi kwa uadilifu wake peke yake. Hutazamwa mambo mawili: uadilifu, yaani kuwa mkweli na mcha Mungu, na dhabti, yaani kuhifadhi sawasawa na kutochanganya. Wako watu wema waliokesha kwa sala, walakini wenye elimu waliacha kupokea kwao kwa sababu hifadhi yao ilikuwa dhaifu. Hawakuwaita waongo; walisema wanakosea. Na katika Fiqhi twasoma kuwa asili ya mwanadamu ni kuwa dhima yake i safi mpaka ithibiti kinyume, na kuwa yakini haiondolewi na shaka.

Tena wafasiri, walipoeleza aya za Surat an-Nisaa kuanzia ya 105, wametaja kisa cha Madina cha deraya iliyoibwa. Mwizi alikuwa mtu wa ndani, na tuhuma akatupiwa Myahudi, na jamaa za mwizi wakasimama kumtetea mtu wao. Wahyi ukashuka ukamsafisha yule mgeni na kuwakemea watetezi wa khaini. Funzo lake ni zito: haki haikuangalia ni nani wetu na ni nani si wetu.

Sasa na tujiulize: sisi tuliosoma haya tangu tukiwa wadogo, ilikuwaje asubuhi ile ya sanduku la sadaka tukasema "Ndiye"? Jawabu ni kuwa tuliyasoma kwa kuyahifadhi, hatukuyasoma kwa kuyatumia. Elimu ya kwenye kitabu haikushuka mpaka mlango wa msikiti. Na hii ndiyo kazi anayotakiwa kuifanya mwalimu wa haki jinai: kuishusha elimu kutoka kitabuni mpaka barabarani, kwenye kituo cha polisi, na kwenye lango la jela.

DARSA NDANI YA JELA

Mmoja aliyeifanya kazi hiyo kwa namna iliyotupendeza ni mwalimu Lori Pompa wa Chuo Kikuu cha Temple, mji wa Philadelphia. Alikuwa akiwachukua wanafunzi wake kwenda kuona jela, na katika safari moja mfungwa wa kifungo cha maisha, Paul Perry, akamshauri kwamba ziara ya siku moja haitoshi. Afadhali pawe na darsa kamili. Mwaka 1997 akaianza. Wanafunzi wa chuo huingia jela kila wiki kwa muda wa muhula mzima, wakakaa pamoja na wafungwa katika duara, mmoja wa nje kisha mmoja wa ndani, wakisoma vitabu vile vile na kuandika kazi zile zile.

Kukaa duara si jambo la kuelezwa mtu wa pwani. Ndiyo halaka yetu. Na katika halaka mtu hawezi kumwita mwenziwe "mhalifu" kisha akamsahau, kwa kuwa uso wake u mbele yake na jawabu lake alingojewa. Mwanafunzi aliyesoma hivyo, akija akawa askari au hakimu, atakapotia sahihi karatasi ya kumfunga mtu atajua amtia wapi. Hatusemi hatamfunga, mwenye kosa hana budi kuadhibiwa na aliyedhulumiwa ana haki yake. Twasema atatia sahihi macho yake yakiwa wazi.

KWA NINI INATUHUSU SISI

Atasema msemaji: "Hayo ni ya Marekani. Sisi tuna kadhi wetu." Twamjibu: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imempa kadhi kuhukumu hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu wanaokubali hukumu yake. Wizi, mapigano, dawa za kulevya na mauaji hayamo. Mtoto wako akishikwa usiku hapelekwi kwa kadhi. Hupelekwa kituoni, kisha kwa hakimu wa serikali, kisha pengine jela. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 49, yasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya kupita saa 24, na ikiwa saa hizo zimekwisha wakhti mahakama imefungwa, basi siku ya kwanza ya mahakama inayofuata. Na kifungu cha 50 chasema huhesabiwa hana kosa mpaka ithibiti. Maneno mazuri. Walakini maneno hayajisimamishi yenyewe. Husimamishwa na watu wanaoyajua, walio ndani ya kituo, ndani ya mahakama na ndani ya jela.

Watu hao watatoka wapi, ikiwa kila mzee atamzuia mwanawe? Twalalamika barazani kwamba hatuna wetu huko, kisha akiitwa wetu twamwambia asiende. Mji unaohitaji daktari ukakosa hata mmoja, wote wana lawama. Na sisi twaona mji unaokosa mtu wa kusema kwa elimu, "Huyu mmemshika kwa ushahidi gani?", una lawama kama hiyo.

JAWABU LETU

Tukamwita mzee wetu, tukamwambia hivi: Ndugu yetu, mpe mwanao radhi, na umpe pamoja na wasia. Mwambie asiende kutafuta rungu. Aende kutafuta mizani. Kila somo atakalofunzwa alijaribu kwa suali moja: "Wajuaje?" Askari akisema ndiye, wajuaje? Shahidi akilia na kuapa, wajuaje? Mshukiwa akikiri, wajuaje kwamba hakupigwa? Na yeye mwenyewe akiwa na hakika kabisa, hapo ndipo ajiulize zaidi. Na ikiwa walimu wake wamfunza kukamata tu wala hawamfunzi kuuliza, basi aongeze kusoma mwenyewe, na wakhti wa likizo aje katika halaka yetu atufundishe na sisi.

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Sheikh, kijana yule wa kanzu alikuwa mtoto wa ndugu yangu." Twalijua. Ndiyo maana tuliomba siku chache.

Barua ile imekwisha jibiwa, na kijana atasafiri. Twamwomba Mwenyezi Mungu amfanye kuwa katika wanaosimamisha uadilifu, na atusamehe sisi kwa neno tulilolisema kabla ya kujua. Amin.

MASUALI YA KUZUNGUMZWA KATIKA HALAKA

1. Uadilifu na dhabti vyatofautiana vipi, na kwa nini shahidi hahitaji kimoja tu?

2. Ungamo lililotolewa kwa kupigwa lina udhaifu gani, hata kama aliyelitoa ndiye mwenye kosa?

3. Mtu akipigiwa kelele za mwizi katika mtaa wetu, yatupasa tufanye nini katika dakika ya kwanza, kabla ya mkono wowote kuinuliwa?